Somo kwa Vyama vya Wavuvi: Leseni ya Uvuvi na Safari ya Maji ya Ugenini

Shabaha ya somo hili ni kumwezesha katibu wa chama cha msingi kumshauri mwanachama anayekusudia kwenda kuvua nje ya wilaya yake, nje ya Tanzania Bara, au nje ya nchi. Lafaa kusomwa kwa sauti katika kikundi cha mafunzo, kisha maswali yaliyo mwishoni yajadiliwe.

1. Kwa nini somo hili lahusu nyanda za kati

Huenda mwanachama akauliza: Dodoma na bahari wapi na wapi? Ugogo ni nchi ya mtama, uwele na ng'ombe. Hata hivyo, tangu Bwawa la Mtera lilipojengwa kati ya 1975 na 1979 katika mto Ruaha Mkuu, uvuvi umekuwa kazi ya watu wengi upande wa Dodoma na upande wa Iringa. Bwawa la Hombolo nalo huwapa wengine kitoweo na fedha. Perege na kambale wa maji haya hufika sokoni Dodoma mjini pamoja na mboga za majani.

Lakini bwawa si bahari. Mvua zikipungua, maji hurudi nyuma na matope hubaki. Mwaka 2006 maji ya Mtera yalishuka chini ya mita 690 kutoka usawa wa bahari, kiwango cha chini kilichowekwa kwa ajili ya kuzalisha umeme. Nyakati kama hizo mvuvi hukunja nyavu zake na kutafuta maji mengine: Ziwa Tanganyika, Ziwa Victoria, au pwani. Wako wanaovuka mpaka kabisa. Wengi wao huondoka na nyavu zilizonunuliwa kwa mkopo wa chama, wakiwa na leseni moja mfukoni na imani kwamba leseni hiyo yatosha popote. Imani hiyo ndiyo inayohitaji kusahihishwa.

2. Kila maji yana mwenyewe

Leseni ya uvuvi ni ruhusa ya mwenye maji. Haifanani na cheti cha shule, ambacho mtu huenda nacho popote. Ruhusa hiyo hutaja mtu au chombo, kazi inayoruhusiwa, na muda wake. Nje ya mipaka hiyo, ni karatasi tu.

Kwa Tanzania Bara, uvuvi huongozwa na Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 na kanuni zilizotungwa chini yake mwaka 2009. Leseni za vyombo vidogo hutolewa na halmashauri za wilaya.

Zanzibar ina sheria yake yenyewe, Sheria ya Uvuvi Na. 7 ya mwaka 2010, kwa kuwa uvuvi si jambo la Muungano. Kwa hiyo mwanachama anayetoka Mtera kwenda Unguja au Pemba hajatoka nje ya Jamhuri, lakini ameingia chini ya sheria nyingine na hana budi kuomba ruhusa upya. Uvuvi wa bahari kuu una mamlaka yake ya pamoja kwa pande zote mbili, yenye makao makuu Zanzibar.

Kenya inafuata sheria yake ya uvuvi Na. 35 ya mwaka 2016, na Zambia sheria yake Na. 22 ya mwaka 2011. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, imerahisisha safari za raia wa nchi wanachama. Wengine wameielewa kwamba sasa mtu aweza kuvua popote. Sivyo. Mgonga muhuri wa mpakani humruhusu mtu kuingia nchini. Anayeruhusu kutia wavu majini ni afisa uvuvi.

Wapemba wanalifahamu hili kwa mazoea. Kwa miaka mingi wavuvi wa Pemba wamekuwa wakienda dago katika pwani ya Kenya wakati wa kaskazi. Wanaofanya hivyo kwa utaratibu hufika na hati za safari, hujitambulisha kwa wenyeji wa bandari na kwa kikundi cha usimamizi wa ufuo, kisha hukata leseni ya huko. Anayekwepa hatua hizo huwa mgeni wa kwanza kukamatwa siku ya msako.

3. Zana halali hapa yaweza kuwa haramu kule

Hapa ndipo wavuvi wengi wa bara hupotea, hasa vijana wanaojifunza kuzamia pwani. Mfano ulio wazi ni ule wa bunduki ya kuvulia samaki, yaani chombo kinachorusha mkuki chini ya maji kwa nguvu ya mpira au ya hewa. Zanzibar bunduki hiyo ni marufuku. Kenya iliipiga marufuku mwaka 2001 pamoja na nyavu za kukokota ufukweni. Mtu aliyenunua chombo hicho kwa fedha nyingi hawezi kujitetea kwa kuonyesha leseni, kwa sababu leseni haihalalishi zana iliyokatazwa.

Sababu ya katazo yaeleweka. Mzamiaji mwenye bunduki humchagua samaki mkubwa, na aghalabu mkubwa ndiye mzazi. Samaki wa miambani kama chewa hukua polepole. Wazazi wakiisha, mwamba hukaa miaka mingi bila mazao. Tena mikuki inayokosa shabaha huvunja matumbawe, ambayo ndiyo nyumba ya samaki.

Katazo la bunduki lisichanganywe na mkuki wa mkono au kijiti cha kuchokolea pweza wakati wa maji kupwa. Hata huko kuna kipimo: kanuni za Tanzania Bara zakataza kuvua pweza mwenye uzito chini ya gramu 500. Tena ndani ya hifadhi za bahari, kama ile ya Kisiwa cha Mafia iliyoanzishwa mwaka 1995, masharti huwa makali zaidi kuliko nje yake.

Katika maziwa hali ni hiyo hiyo. Upande wa Uganda wa Ziwa Victoria, mtumbwi wenye urefu chini ya futi 28 hauruhusiwi kuvua. Mtu aliyezoea mtumbwi mdogo wa Mtera akiupeleka huko, chombo chenyewe ni kosa kabla hajatega wavu.

Nchi za mbali nazo hazilingani. Afrika Kusini mtu anayevua kwa kujifurahisha hukata kibali, na kibali cha kuvua kwa mkuki ni tofauti na kile cha mshipi. Tena haruhusiwi kuwinda samaki kwa mkuki huku akipumua kwa mtungi wa hewa. Uingereza mwenye fimbo ya kuvulia hukata leseni kwa ajili ya mito na maziwa, lakini kwa bahari hahitaji leseni hiyo. Kijana aliyekwenda kusoma au kutembea asikisie, aulize kwanza.

4. Majira nayo ni sheria

Leseni yaweza kuwa hai na maji yakawa yamefungwa. Tarehe 15 Mei 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi katika upande wake wa Ziwa Tanganyika hadi tarehe 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaliana. Ziwa hilo lina wenyewe wanne, Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, waliotia saini mkataba wa kulihifadhi mwaka 2003. Zambia nayo hufunga uvuvi katika maji yake mengi ya asili kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari kila mwaka. Mvuvi anayefunga safari ya siku tatu bila kuuliza majira aweza kufika na kukuta mitumbwi yote imepinduliwa ufukweni.

5. Hasara humfikia nani?

Na uchukuliwe mfano. Chama cha msingi kina wanachama 40. Kimewakopesha wanachama sita nyavu na injini ya boti, vyote vikiwa na thamani ya shilingi 6,000,000, zirejeshwe katika miezi 12. Baada ya miezi miwili maji ya bwawa yanapungua, nao wanaondoka kwenda kuvua nchi jirani bila kuarifu ofisi. Wamekwisha kurejesha shilingi 1,000,000. Huko wanakamatwa bila leseni, na mahakama inataifisha zana zote.

Deni lililobaki ni shilingi 5,000,000. Wadaiwa sita wamerudi mikono mitupu, na kila mmoja anadaiwa zaidi ya shilingi 830,000. Wasipoweza kulipa, fedha hizo ni za wanachama 40, yaani shilingi 125,000 kwa kila mmoja, akiwamo mjane aliyeweka hisa zake kwa kuuza kuku. Hakuhusika na safari hiyo, wala hakuulizwa. Kwa sababu hiyo leseni ya mwanachama mmoja ni shauri la chama kizima.

6. Wajibu wa katibu

Kabla mwanachama mwenye zana za mkopo hajasafiri, yafaa katibu atimize haya:

(a) Aandike katika daftari jina la msafiri, zana anazochukua, mahali aendako na siku anayotarajia kurudi.

(b) Aisome leseni neno kwa neno: imetolewa kwa nani, kwa chombo gani, na inakwisha lini.

(c) Amwulize afisa uvuvi wa wilaya kuhusu zana zilizokatazwa na majira ya kufungwa huko aendako msafiri. Jibu liandikwe na kuhifadhiwa katika jalada.

(d) Ampe msafiri barua ya utambulisho yenye muhuri wa chama. Barua hiyo haichukui nafasi ya leseni, lakini huonyesha kwamba mwenyewe si mtoro.

(e) Apeleke mbele ya Bodi kila ombi la kuchukua zana za mkopo nje ya nchi. Katibu asiliamue peke yake.

(f) Amkumbushe msafiri kukata leseni ya huko kabla ya kuingia majini, na kudai stakabadhi kwa kila senti anayolipa.

7. Mwanachama akikamatwa

Asikimbie, asipigane, wala asitoe rushwa. Aombe orodha ya vitu vilivyochukuliwa, iliyotiwa saini. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 kuhusu huduma za kibalozi wampa raia aliyekamatwa ugenini haki ya kuomba ubalozi wa nchi yake uarifiwe. Asiyejua haki hiyo hukaa rumande kimya, na nyumbani hudhaniwa amezama. Katibu akipata habari, aiarifu Bodi na jamaa wa mwanachama siku hiyo hiyo.

Mwisho, ieleweke kwamba somo hili halikusudii kumzuia mwanachama kusafiri. Mvuvi hufuata samaki kama mfugaji afuatavyo malisho, nako ni kutafuta riziki kwa halali. Lakini mfugaji mwenye busara hubisha hodi kabla ya kunywesha ng'ombe katika kisima cha watu. Mvuvi naye afanye vivyo hivyo.

Maswali ya kujadili

1. Je, chama chenu kina daftari la zana za mkopo? Zana zipi ziko nje ya wilaya leo?

2. Mwanachama ana leseni halali ya halmashauri ya Tanzania Bara na anataka kuvua Pemba. Afanye nini kwanza?

3. Eleza tofauti kati ya ruhusa ya kuingia nchini na ruhusa ya kuvua.

4. Katika mfano wa sehemu ya 5, Bodi ingefanya nini mapema ili kuepuka hasara?