Mlima Unao, Miguu Unayo: Vidokezo 6 kwa Mchezaji wa Wavu wa Chuo

Unasoma ualimu Kinampanda, au umerudi likizo Shelui, na mashindano ya vyuo yananukia? Acha kulilia jimu. Sekenke, kati ya mbuga ya Wembere na nyanda za juu za Iramba, imejaa mazoezi ya bure.

1. Panda mbio, shuka kwa adabu
Madereva wa malori ya njia ya Singida–Nzega wanaujua Mlima Sekenke: kuupanda ni kazi, kuushuka ni kazi na sala. Kwako ni hivyohivyo. Kupanda kunajenga makalio, mapaja na pumzi, yaani mtaji wote wa kuruka wavuni, na magoti hayapati kishindo kikubwa. Kushuka mbio ndiko kunakoumiza: mapaja yanafanya kazi ya breki, na kesho yake hata kuchuchumaa chooni ni mtihani! Tafuta kijia kifupi mbali na lami. Panda kwa kasi sekunde 20, shuka ukitembea, rudia mara 6. Mara mbili kwa wiki inatosha, usijitie ushujaa.

2. Ruka mchangani
Kiangazi makorongo yanakauka na kuacha mchanga. Mchanga unameza nguvu, kwa hiyo utaruka chini kuliko kawaida, usikate tamaa. Jifunze kutua kwa miguu miwili, magoti yamekunjwa. Siku chache kabla ya mechi rudi uwanja mgumu, miguu izoee tena.

3. Upepo? Upigie servu
Singida na upepo ni ndugu. Piga servu 10 ukiukabili, kisha 10 ukiupa mgongo. Mpira usiozunguka ndio unaoyumba zaidi, na mpokeaji atakoma.

4. Ndoo nayo ihesabu
Umebeba maji lita 20? Hizo ni kilo 20, rafiki yangu! Mwili haujali kama ni ndoo au chuma. Jioni hiyo acha mazoezi ya kuruka, fanya ya kupokea na kupanga mipira. Mabega uyanyooshe, smashi inayahitaji.

5. Kula cha nyumbani
Ugali wa mtama, mlenda, karanga, maharage. Kuku wa kienyeji akipatikana, nani atakataa?

6. Ukishuka pwani, pima upya
Dar es Salaam jasho halikauki, na mwili huchukua wiki moja hadi mbili kuzoea joto lile. Kama mnafika siku moja kabla, pasheni misuli kwa muda mfupi na mnywe maji kabla ya kiu. Halafu kumbuka hewa ya pwani ni nzito kuliko ya kwenu, zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari: mpira unawahi kushuka. Servu iliyokuwa inagusa mstari wa nyuma sasa itaangukia ndani, na ile ya kuvuka wavu kwa shida itanasa. Ongeza nguvu kidogo kabla hujaanza kumlaumu seta.