Maji ya sabuni tunayomwaga Darajani yanaishia wapi?

Kila aliyesoma chuoni anaukumbuka mlango wa maji. Yapo maji yanayotoharisha, yapo yaliyo tohara lakini hayatoharishi, na yapo yaliyonajisika. Maji yaliyobadilika kwa sabuni hata yakapoteza jina la maji huingia fungu la pili: hutawadhi kwayo, lakini yakikurukia kanzu unaswali nayo. Hukumu hiyo ni sahihi. Ninachokipinga ni tafsiri ninayoisikia hapa Darajani kila yanapotajwa mazungumzo ya mitaro, kwamba maadamu maji ya sabuni si najisi, basi hayana ubaya popote yamwagwapo.

Ndugu msomaji, utohara ni suala la ibada. Madhara ni mlango mwingine, na Mtume (s.a.w.) amekataza kudhuru. Sumu itokanayo na mmea nayo ni tohara, wala hakuna mwanachuoni aliyeruhusu kuitia katika mtungi wa jirani.

Jina la Darajani lenyewe linatukumbusha. Palikuwa na daraja juu ya mkono wa bahari uliotenganisha Mji Mkongwe na Ng'ambo. Mkono ule ulifukiwa kidogo kidogo katika karne ya 20, bahari ikatoka machoni petu. Lakini maji machafu ya mji hayakuacha kuifuata: kwa miongo mingi yamekuwa yakitolewa pwani kwa mabomba bila kusafishwa.

Chembe ya sabuni ina pande mbili. Kichwa chake kinapenda maji, mkia wake unapenda mafuta. Mkia hujichomeka katika mafuta ya sahani, kichwa kikayavuta majini. Sasa, ngozi inayozunguka kila seli ya mwani nayo imejengwa kwa mafuta, na vilevile zile tabaka nyembamba za ndani ambamo mwani hutengeneza chakula chake kwa mwanga wa jua. Sabuni haichagui. Ikiwa kidogo, mwani hudumaa. Ikizidi, seli hupasuka na kuvuja. Mwani mchanga, ambao ndio kwanza unashika jiwe, huathirika upesi zaidi.

Wapo watakaosema sabuni ni ya tangu zamani. Kweli, lakini aliyewahi kuoga pwani anajua kuwa sabuni ya mche haitoi povu baharini. Chumvi za chokaa na magnesi huikamata ikawa utando mweupe, nguvu zake zikaisha. Sabuni ya unga imetengenezwa kiwandani makusudi isikamatwe hivyo, ndiyo maana inatoa povu hata kwa maji ya bahari. Sifa inayomfurahisha mfuaji ndiyo inayoudhuru mwani.

Mwaka 1967 meli ya mafuta Torrey Canyon ilipopasuka pwani ya Uingereza, walimwaga maelfu ya tani za dawa za jamii ya sabuni ili kuyatawanya mafuta. Dawa zile ziliua viumbe wengi kuliko mafuta yenyewe. Konokono wanaokula mwani walikufa, kisha mwani wa kijani ukafunika miamba. Basi mtu asione kijani kingi pwani akadhani bahari ina afya.

Na hapa kwetu? Mwaka 1995 ulichapishwa utafiti, akiwemo marehemu Profesa Adelaida Semesi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kuhusu mwani mgumu wa chokaa, wa rangi ya waridi, unaogandisha matumbawe pamoja. Ulionekana kupungua karibu na maji machafu ya mji wa Zanzibar, na fosfeti ilionekana kuuzuia usikue. Fosfeti hutoka chooni, na hutiwa pia katika baadhi ya sabuni za unga. Matumbawe yakilegea, tasi na pono wa marikitini watakaa wapi?

Sisemi kwamba kufa kwa mwani wa kotonii katika mashamba ya akina mama kumeletwa na Darajani. Huko lawama kubwa ni joto la bahari.

Sabuni nyingi za siku hizi huliwa na vijidudu kwa siku chache, maji yakituama penye hewa. Mji unahitaji mabwawa ya kuyatulizia maji hayo kabla hayajafika pwani, na hilo ni la kuwadai wenye mamlaka. Ndoo ya kufulia na kijiko cha kupimia sabuni vimo mikononi mwetu wenyewe, na misikiti inayofua mazulia kwa sabuni ya unga inaweza kuanza Ijumaa hii.