Somo la Kwaya: Tujizoeze Kuimba kwa Sauti Ndogo



Mara nyingi tunaimba kwa nguvu Juma Kuu lote, na asubuhi ya Pasaka, saa ya kushangilia, wengi wetu tumekaukiwa na sauti. Tena mwenye kupaza sauti mno hamsikii jirani yake, wala wasikilizaji hawayapati maneno ya wimbo. Dawa mojawapo ni mazoezi ya sauti ndogo.

Sauti ndogo si sauti nzito ya besi, wala si kunong'ona. Noti ni ile ile. Kinachopunguzwa ni nguvu tu.

Faida yake ni nini? Sauti hutokea pumzi inapotikisa nyuzi mbili zilizo kooni. Tukiimba kwa nguvu, kelele huficha makosa. Tukiimba kwa sauti ndogo, pumzi ikiyumba kidogo tu, noti hutetemeka, hushuka au hukatika. Hapo mwimbaji hulisikia kosa lake na kulirekebisha.

Fanyeni hivi:

1. Simama wima, mabega yalegee. Vuta pumzi mpaka mbavu za chini zipanuke.

2. Chagua noti ya kati isiyokusumbua. Imba "u" kwa sauti ndogo kwa hesabu ya 8, noti isishuke. Rudia mara 5.

3. Anza noti hiyo kwa sauti ndogo, ikuze polepole mpaka hesabu ya 4, kisha ipunguze mpaka 8. Zoezi hili ni la zamani: Giulio Caccini wa Italia aliandika juu ya kukuza na kupunguza sauti katika kitabu chake cha mwaka 1602.

4. Imbeni pamoja ubeti mmoja wa wimbo wa Jumapili. Usipomsikia jirani yako, wewe umezidi, punguza.

Dakika 10 kila mazoezi zatosha. Koo likiuma, acha upumzike. Sauti ikikauka kwa zaidi ya majuma 3, mwone daktari.

Katika 1 Wakorintho 14:15 Mtume Paulo anataka kuimba kwa roho na kwa akili pia. Basi tusidhani kwamba bidii ni kelele. Anayeweza kuitawala sauti yake ikiwa ndogo, ataweza kuitawala ikiwa kubwa, na siku ya Pasaka atakuwa nayo.

Swali la kujadili: Je, Jumapili iliyopita ulimsikia aliyesimama karibu nawe?