Dawa ya Skania na Mtoto Aliye Tumboni

Mahindi yakishatoka shamba la chini hupukuchuliwa, huchanganywa na dawa ya unga ili mdudu skania asiyatoboe, kisha magunia hupangwa penye nafasi. Katika nyumba nyingi za Himo, mkoani Kilimanjaro, nafasi hiyo ni chumba cha kulala. Anayechanganya ni mama, kwa mikono mitupu, mlango ukiwa umefungwa kuku wasiingie. Vumbi jeupe humganda mpaka kwenye kope.

Ukisoma pakiti, mara nyingi utakuta jina pirimifosi-methili. Ni ya kundi la oganofosfeti, sumu zinazomuua mdudu kwa kuvuruga kemikali ya mishipa yake ya fahamu. Mishipa yetu hutumia kemikali ileile. Sumu za kundi hili huweza kupita kondo la nyuma na kumfikia mtoto wakati ubongo wake unajengwa.

Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha California walianza kuwafuatilia wajawazito wa Bonde la Salinas, Marekani, wengi wao wa familia za vibarua wa mashambani. Walipima mabaki ya oganofosfeti kwenye mkojo wao. Watoto walipofika miaka 5, wale ambao mama zao walikuwa na mabaki mengi zaidi walionekana kushindwa zaidi kutulia na kuzingatia jambo, hasa wavulana. Zile zilikuwa dawa za kupulizia mashamba, si za mahindi, na si kila utundu wa mtoto unatokana na sumu. Lakini kundi ni moja, na kwa mjamzito hiyo inatosha kukaa mbali.

Kwa hiyo baba, kazi ya kuchanganya ni yako. Ifanyie nje, ufunike pua na mdomo, uvae glovu, na nguo zako uzifue mwenyewe, mbali na za familia. Magunia yahamie stoo. Bora zaidi ni mifuko ya kinga njaa: mahindi yaliyokauka vizuri yakifungwa humo, wadudu hukosa hewa wakafa, wala dawa haihitajiki. Bei ya mfuko huo ni kubwa kuliko ya kiroba, ila usipoutoboa utautumia tena.

Mama akipata kizunguzungu, mate mengi au kutapika baada ya kushika dawa, aoshwe kwa maji na sabuni, abadilishwe nguo, apelekwe kituo cha afya mara moja. Beba na pakiti, mganga asome jina.