Fahamu Chuo Kikuu cha Kibabii Kabla ya Kuchagua Kozi

Zamani, mwanafunzi wa Bungoma au Kitale aliyefaulu mtihani wa KCSE alilazimika kusafiri hadi Nairobi, Njoro au Eldoret kutafuta digrii. Leo anaweza kuisomea karibu na nyumbani. Chuo Kikuu cha Kibabii, ambacho ni cha umma, kiko nje kidogo ya mji wa Bungoma, upande wa Chwele.

Kilivyoanza

Awali Kibabii kilikusudiwa kuwa chuo cha walimu wa diploma. Mwaka 2011 kilifanywa chuo kikuu kishiriki chini ya Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, Kakamega. Chuo kishiriki hakitoi digrii kwa jina lake. Hutegemea chuo mama. Hali hiyo ilibadilika Novemba 2015, Rais Uhuru Kenyatta alipokikabidhi hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Profesa Isaac Ipara Odeo ndiye aliyekuwa Naibu Chansela wa kwanza.

Alama zinazohitajika

Kibabii hufundisha ualimu, biashara, sayansi na kompyuta, miongoni mwa kozi nyingine. Kujiunga na digrii kunahitaji wastani wa C+ katika KCSE.

Wanaotaka kuwa walimu wa sekondari wawe waangalifu. Tume ya Huduma kwa Walimu (TSC) hudai C+ ya wastani na pia C+ katika masomo mawili ya kufundisha. Mwenye wastani wa C+, lakini aliyepata C+ katika Historia na C katika Kiswahili, anaweza kusoma miaka minne kisha akanyimwa usajili wa kufundisha masomo hayo. Linganisha alama zako kabla ya kutuma maombi kwa KUCCPS.

Karo

Pesa za HELB ni mkopo, si basari. Mwanafunzi hutakiwa kuanza kulipa ndani ya mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo. Omba kiasi unachohitaji tu. Anayesoma karibu na nyumbani huokoa nauli, na pengine kodi ya nyumba.

Ukikosa C+

Safari haijaisha. Mwenye C- anaweza kusomea diploma, ikiwemo katika Kitale National Polytechnic, na baadaye kuendelea hadi digrii.

Kwa maswali kuhusu mkopo, fika katika Huduma Centre ya Bungoma au Kitale ukiwa na kitambulisho.