Dondoo Muhimu: Kufunga Kiyoyozi kwa Usalama
Kiyoyozi cha ukutani kikifungwa vibaya kinaweza kuunguza nyumba. Kabla fundi hajapanda ngazi, zingatia haya:

1. Tumia fundi umeme mwenye leseni: ya EWURA kwa Tanzania, ya EPRA kwa Kenya.
2. Zima swichi kuu, kisha pima kwa tesita kabla ya kugusa waya wowote.
3. Kipe kiyoyozi laini yake na breka yake. Usikichomeke kwenye ekstensheni.
4. Fuata unene wa waya uliotajwa na mtengenezaji. Waya mwembamba hupata moto na kuyeyuka.
5. Usiruke waya wa ethi, hata kama mashine inawaka bila huo.
6. Usiunge nyaya kwa kusokota na kuzungushia tepu; tumia viunganishi vya skrubu na uvikaze.
7. Bomba la kutolea maji ya kiyoyozi literemke kuelekea nje, mbali na nyaya na soketi.
8. Gesi ya kupoza ya R32 hushika moto: fungua madirisha, usiwashe kiberiti wala sigara.
9. Pwani chumvi hula chuma: chagua vishikizo na skrubu zisizoshika kutu.
10. Umeme ukikatika, subiri angalau dakika 3 kabla ya kuwasha tena, ili kompresa idumu.