Mtandao Umekatika na Hela Bado Hujatuma? Anza Hapa Kabla ya Kumwita Fundi

Ijumaa jioni umetoka kazini, Houston au Fort Worth. Mshahara umeingia, unawasha kompyuta yako ya Linux utume ada ya shule nyumbani. Ukurasa haufunguki! Tulia, ndugu yangu. Kabla ya kulipa fundi, tafuta kwanza mtandao umekatikia wapi.

1. Jaribu simu kwa waifai hiyohiyo, bando ukiwa umelizima. Simu nayo ikikosa, kompyuta haina kosa. Chomoa waya wa umeme wa ruta, subiri dakika moja, rudisha, kisha ipe dakika tano. Isipopona, huenda ni mtaa mzima. Kimbunga Beryl kilipopiga Houston tarehe 8 Julai 2024, wateja zaidi ya milioni 2 walikosa umeme. Hapo fundi wa kompyuta angefanya nini?

2. Simu inapata, kompyuta haipati? Bofya alama ya mtandao kwenye skrini. Hakikisha waifai imewashwa na hali ya ndege imezimwa. Futa mtandao wako kwenye orodha, ujiunge upya kwa nywila.

3. Bado? Fungua Terminal, andika:
ping -c 4 8.8.8.8
kisha:
ping -c 4 google.com
Namba ikijibu na jina likigoma, njia ipo, ila kompyuta imeshindwa kutafsiri majina ya tovuti kuwa namba. Vyote vikigoma, muunganisho wenyewe umekatika. Kwa hali zote mbili jaribu:
sudo systemctl restart NetworkManager
Utaombwa nywila. Herufi hazitaonekana unapoandika. Ni kawaida, malizia tu na ubonyeze Enter.

4. Una haraka? Unganisha simu na kompyuta kwa waya wa USB, kisha kwenye mipangilio ya simu ruhusu kushiriki intaneti. Angalia bando lako lisiishe.

Sasa la muhimu kuliko yote: kama mtandao ulikatika baada ya kubonyeza Tuma, usibonyeze tena! Ingia kwa simu, angalia historia ya miamala na salio la benki. Ukiona muamala umepokelewa, subiri. Hela ikienda mara mbili, kuirudisha ni kazi. Wala usimwamshe mama kumuuliza: majira ya joto, saa 3 usiku Dallas ni saa 11 alfajiri Nairobi.

Ukishafanya yote haya bila mafanikio, mwite fundi, umweleze ulipofikia. Atakuwa na kazi ndogo, nawe una sababu ya kuomba bei ipungue.